Niliwalisha Watu wa Kanga Nyamafu

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na minne sasa. Magoti yamechoka lakini macho bado yanaona. Ninaishi Kanga, huku kwetu Mafia, katika nyumba ya dada yangu, na kazi yangu ni kusuka makuti. Siandiki haya ili mnihurumie. Ninaandika kwa sababu najua wamo miongoni mwenu watu wenye neno moja kifuani, neno dogo tu, wanaloliahirisha kila siku... Nataka niwaeleze polepole jinsi langu lilivyonifanya.

Wakati wa vita vile vya kwanza vya Wazungu, Mwingereza alipokwisha kumtoa Mjerumani kisiwani kwetu, nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa na mke, Mwanaidi, na binti wa miaka mitatu, Mosi. Baba yake Mwanaidi alikuwa Mwalimu Kombo, aliyesomesha watoto Kurani chuoni na kutuswalisha Ijumaa. Mimi baba yangu alifariki ningali mdogo. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma, ndiye aliyenitia kisu mkononi akanifundisha kuchinja, na mwisho akanipa binti yake. Mtu atakupa nini zaidi ya hayo?

Niwaeleze kwanza desturi moja, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu, mtu akiwekewa sahani ya nyama, kabla hajatia mkono huuliza, "Kachinja nani?" Akitajiwa jina analolijua, hula. Asipolijua, hula wali mtupu na mchuzi wa nazi. Basi mchinjaji si mtu wa kisu tu. Watu wanakula kwa neno lake. Hawakuwapo alipochinja, hawakuona kama mnyama alikuwa mzima, hawakusikia kama alisoma. Wanamwamini yeye, basi.

Na jina langu mimi lilikuwa likiliwa kutoka Kanga mpaka Ras Mkumbi. Harusi, akika, hitima... wakisikia "kachinja Shomari" mikono ilishuka sahanini.

Vita vilipohamia bara, askari na wapagazi waliokuwa upande wa pili wa maji walihitaji nyama. Akaja mtu mwenye kazi hiyo, akajenga banda refu la makuti pwani ya magharibi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka kijijini. Wengi wa askari na wapagazi wale walikuwa Waislamu, na walikuwa wamekataa nyama ya kwanza waliyoletewa kwa kuwa haikujulikana kachinja nani. Ndipo watu wa banda wakaja kwa Mwalimu Kombo kutafuta mtu. Mwalimu hakufikiri mara mbili. Ijumaa ile alisimama akasema mbele ya watu wote: "Mkono wa Shomari nimeufundisha mimi. Kitakachotoka banda lile kwa mkono wake, kuleni. Kikiwa na lawama, lawama ni yangu."

Nilijiona mkubwa siku ile! Sikujua kuwa alikuwa amejifunga kamba na kunishikisha mimi ncha yake.

Kazi ya banda haikuwa kama kuchinja nyumbani. Nyumbani unachinja ng'ombe mmoja, unamlaza kwa upole, unamwelekeza kibla, kisu unakificha asikione, unasoma, unachinja, unangoja atulie. Bandani kila mtu alikuwa na kipande chake cha kazi. Wawili wanafunga miguu na kuangusha. Mimi nachinja. Wanne wanachuna. Wawili wenye mashoka wanapasua. Halafu meza ndefu ya watu wanaokata nyama vipande virefu kama mikanda, kisha chumvi, kisha chanja za kuanikia juani, kisha mapipa. Mimi sikumwona ng'ombe akiwa nyama, wala wao hawakumwona akiwa ng'ombe. Niliona shingo tu. Shingo, shingo, shingo, tangu alfajiri mpaka adhuhuri.

Siku za kwanza ng'ombe walikuwa kumi na watano kwa siku. Baada ya mwezi, arobaini. Ng'ombe wa kisiwani, wale wanaolishwa chini ya minazi, wakapungua, wakaanza kuletwa wengine kutoka mbali, wanashushwa majini na kuogelea mpaka ufukweni, wakifika ulimi nje.

Nyapara wetu aliitwa Feruzi. Mtu wa maneno, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika kote bandani. Nilipokuwa nikimwelekeza ng'ombe kibla kwa taratibu alikuwa akinipigia kelele: "Shomari! Wewe mchinjaji au mkunga? Mbona unambembeleza, anajifungua?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Siku ya pili yake nikawa mwepesi zaidi.

Mnataka kujua nilihisi nini? Sikuhisi kitu. Hili ndilo gumu kulieleza, lakini nitajaribu. Mara ya kwanza unasikia mnyama akikoroma, na moyo unashtuka. Mara ya mia unasikia tu. Mara ya elfu husikii. Ulimi unasema "Bismillahi, Allahu akbar" wenyewe, kama mtu anayehesabu fito. Siku moja nilifika kwa ng'ombe wa ishirini nikajiuliza, je, huyu wa kumi na tisa nilimsomea? Sikumbuki. Nikaendelea. Kusahau kunasamehewa, Mwalimu alinifundisha hivyo. Lakini lililofuata halikuwa kusahau.

Asubuhi moja tulikuta ng'ombe watatu wamelala zizini, hawainuki. Nikamgusa wa kwanza. Jicho limekauka. Nikasema, "Kafa huyu, nyapara."

"Kafa nani? Kalala."

"Kafa. Hana pumzi."

Feruzi akaweka kiganja ubavuni mwa ng'ombe. "Mbona bado ana moto? Pitisha kisu kabla jua halijamkuta."

Nikamwambia hii ni nyamafu, mnyama aliyekufa mwenyewe, na kumpitishia kisu hakumfanyi kuwa halali. Hakukasirika. Alinikaribia akaniambia taratibu, huku akitabasamu, kwamba wale wanaoandikisha wapagazi wamefika tena kisiwani, na kwamba walioko bandani hawachukuliwi, ila yeye ndiye anayesema nani yuko bandani na nani hayuko.

Wasomaji, mlioishi zama zile mnajua maana yake. Kaka yangu Bakari alichukuliwa upagazi akavushwa bara, na mpaka leo hatujui kaburi lake. Kila nyumba ilikuwa na Bakari wake.

Nikapitisha kisu.

Mnyama mzima ukimchinja, damu inaruka. Inakupiga miguuni, inakulowesha nguo. Yule alifunguka tu shingo, pakatoka kidogo, nzito, nyeusi, ikasimama hapo hapo. Na mimi nikasoma! Nikasoma juu ya mzoga, kwa sauti, ili wachunaji wasikie. Nilitazama mikono yangu nikaona ni safi. Sikuhisi kitu.

Baada ya siku ile haikuwa kazi ngumu tena. Leo wawili, kesho mmoja, keshokutwa wanne. Feruzi hakunilazimisha tena. Alikuwa akinyoosha kidole tu.

Ukafika mwezi wa Maulidi. Mwalimu Kombo akataka kuwafanyia watu karamu, kwa kuwa mwaka ulikuwa mgumu na wengi walikuwa hawajaonja nyama muda mrefu. Mwenye banda akakubali kutoa nyama mbichi kwa ajili ya kijiji. Ilikuwa Jumatatu. Feruzi ndiye aliyechagua ng'ombe, na nadhani mmekwisha kujua alichagua yupi... Alikuwa amelala zizini tangu alfajiri, ameanza kukakamaa.

Nilisema, "Nyapara, huyu wa kijijini kwetu."

Akasema, "Kwani wa askari si matumbo ya watu?"

Hilo lilikuwa jibu la haki kabisa. Nikapitisha kisu.

Mchana wake, nyuma ya msikiti, mpishi wa karamu alikuwa Bi Zuhura, mjane mmoja aliyewapikia watu wa Kanga harusi zao zote. Alikuwa na ulimi mkali na hakumwogopa mtu. Aliiweka nyama kwenye masufuria, akatoa povu, akalitazama, akatoa tena. Kisha akaita kwa sauti: "Njooni muone! Povu hili jeusi! Nyama hii haikutoka damu. Nimepika nyama tangu sijavunja ungo, nyama hii ni ya mnyama aliyekufa!"

Mwalimu Kombo akaja pale na bakora yake. Akanitazama mimi, si nyama. Akaniuliza kama mtu anavyoulizwa jambo jepesi: "Shomari mwanangu, ulimchinja yu hai?"

Basi hapo! Hapo ndipo palipokuwa na mlango, wasomaji wangu, umefunguliwa wazi, na mwenye nyumba amesimama kando anipishe. Ningesema "La, baba," nyama ingemwagwa, mimi ningeaibika, watu wangekula wali na mchuzi wa nazi, na jua lingetua kama siku nyingine.

Nikasema, "Alikuwa hai, baba."

Mwalimu akamgeukia Bi Zuhura. Alikuwa mpole sikuzote, lakini siku ile alimkemea mbele ya wageni. Alimwambia, "Bibi, unamzulia Muislamu. Ogopa Mungu." Bi Zuhura akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaweka mwiko chini, akaenda zake. Hakulia. Nilimwona mgongo wake mpaka alipopotea kwenye minazi.

Halafu Mwalimu, ili kuwatoa watu wasiwasi, akachukua pande la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akasema bismillahi, akala. Wote wakala. Mwanaidi akala upande wa wanawake. Akamlisha Mosi.

Mimi nilisema tumbo linaniuma.

Jioni ile Mwanaidi alichukua kikoi changu cha kazini akifue. Sasa sikilizeni, maana nilidhani nimemdanganya kila mtu, kumbe sikuwa nimemdanganya anayenifulia nguo. Alikuja nacho mkononi, kikiwa kikavu.

"Baba Mosi, hiki hakina damu."

Nikajifanya natengeneza utambi wa taa.

"Zamani kilikuwa kikisimama chenyewe kwa damu. Miezi hii nafua siku nyingine nyekundu, siku nyingine vumbi tu. Nilidhani siku za vumbi hamchinji. Leo umechinja. Umesema mbele ya baba umechinja. Damu iko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kama mtu anayesema mvua imenyesha: alikuwa kashakufa. Na wengine kabla yake. Hakupiga kelele. Alikwenda akamtazama Mosi aliyekuwa amelala, akarudi, akakaa mbali nami kidogo.

Akaniambia hivi, na maneno haya nayajua kwa moyo: "Upagazi nauogopa kama wewe. Hilo la askari ni baina yako na Mola wako. Lakini baba yangu kala na kalisha watu kwa neno lako, na kamtukana mwanamke mkweli. Ijumaa atapanda mimbari. Kabla ya hapo umwambie, wewe, kwa mdomo wako. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Nilikuwa na siku tatu. Jumanne nilikwenda kazini, nikachinja thelathini na wanane. Nilisema nitapita kwake wakati wa kurudi, nikarudi kwa njia nyingine. Jumatano vilevile. Alhamisi nilikutana naye uso kwa uso penye kisima. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akanishika mkono, hakuuachia. Akaniuliza habari za magoti yangu, maana hata ujanani yalikuwa yakinisumbua. Akaniambia watu wanaishukuru karamu. Tulisimama pale muda mrefu hata punda wa jirani akaja akanywa akaondoka.

"Una neno?" aliniuliza.

"Sina neno, baba."

Ijumaa asubuhi Mwanaidi akamshika Mosi mkono, akaenda kwa baba yake.

Mchana nilikwenda msikitini. Mtaniuliza, ulikuwa na uso wa kwenda? Niliwaambia, sikuhisi kitu. Nilikaa safu ya tatu, karibu na nguzo. Mwalimu hakupanda mimbari. Alisimama chini, pale tunapokaa sisi. Alikuwa amezeeka tangu jana yake.

Alisema, "Ndugu zangu, Jumatatu niliwalisha nyamafu. Nilishuhudia kitu nisichokiona. Nilimkemea Bi Zuhura naye alikuwa mkweli, na nimetoka nyumbani kwake sasa hivi kumwomba radhi. Nanyi naomba radhi. Mtu wa namna hii haswalishi watu. Tafuteni mwingine."

Hakunitaja jina! Hakuna aliyehitaji kutajiwa, lakini yeye hakunitaja. Kisha akanyamaza. Alinyamaza akiwa bado amesimama, akitazama mbele, na nikaelewa kwamba ananingoja. Alikuwa ananipa nafasi ninyanyuke, niseme, "Si yeye, ni mimi." Neno moja tu, na lawama ingerudi kwa mwenyewe.

Nilitazama mkeka. Ulikuwa na uzi mwekundu na uzi mweusi. Nilihesabu nyuzi. Nilifika kumi na saba, nikasikia bakora yake ikigonga sakafu, anakwenda kukaa nyuma, safu ya mwisho, pamoja na watoto.

Nilirudi kazini Jumamosi.

Mwanaidi hakurudi. Aliomba talaka, nikampa. Hata hilo nilifanya kama mtu anayefungua mlango wa zizi. Mosi alikulia kwa babu yake. Wazazi walimsihi Mwalimu asiache chuo, akakataa. Alisema mtoto hafundishwi na mtu aliyesema uwongo, hata kama alikopeshwa uwongo huo. Miezi michache baadaye banda lilifungwa, maana vita vilisogea kusini mbali, na Feruzi akaondoka na mwenye kazi. Sikumwona tena. Ikabaki harufu na mapipa matupu.

Mwalimu Kombo aliugua baada ya mvua za vuli, akafariki. Nilibeba jeneza kama watu wengine. Nilichimba kaburi kama watu wengine. Nilikuwa sijamwambia.

Miaka ikapita. Nilidhani kwamba jambo watu wote wanalolijua halina haja ya kusemwa. Huo ni uwongo wa pili, wasomaji, na ni mtamu kuliko wa kwanza! Watu walinisalimu, walinipa kazi ya makuti, hawakunitenga. Lakini hakuna aliyeniletea mnyama.

Siku moja nilisikia Bi Zuhura mgonjwa. Alikuwa ameshakuwa kikongwe, haoni vizuri. Sijui nini kilinipeleka. Nilimkuta kibarazani akichambua mchele kwa kupapasa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Shomari."

Vidole vyake vikasimama kwenye ungo. "Shomari wa banda?"

"Ndiye."

Nikamwambia yote. Kwamba ng'ombe alikuwa ameshakufa, kwamba nilijua, kwamba nilisema uwongo mbele yake akaondoka yeye badala yangu. Miaka yote ile nilikuwa sijatoa chozi. Nikalia kama mtoto aliyechapwa, kamasi na machozi, mchana kweupe, watu wakipita njiani.

Aliniacha nilie. Kisha akasema, "Umemaliza? Haya, nisikilize. Mimi nilikusamehe siku ile ile, maana niliuona uso wako, nikajua huyu anaogopa kuchukuliwa. Nani hakuogopa? Wanangu wawili walikwenda. Ila mkweo alikuja hapa kila Alhamisi mpaka alipolala kitandani. Akikaa hapo ulipokaa wewe. Nikimwambia, Mwalimu, mkatae yule mtu. Ananiambia, 'Atakuja. Ni mzito tu. Atakuja.' Kafa anakungoja, Shomari."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Hayo ndiyo yangu. Sasa mwenzangu unayesoma, acha nikuambie kwa upole, maana sikukusudia kukutisha. Najua pengine wewe hukuchinja kitu. Pengine umemsingizia mtu kazini, au umekaa kimya mwenzako akibeba lako, nawe umejizoeza usihisi. Usidhani ganzi hiyo ni amani. Mimi niliidhani amani kwa miaka mingi sana. Na usingoje ujisikie kulia ndipo uende. Mimi nilikwenda mkavu, machozi yakanikuta hukohuko mbele ya mtu. Nenda ukiwa hivyo hivyo mkavu. Si lazima useme vizuri. Mimi sikusema vizuri, na bado nilipewa kikombe cha uji.

Kama uliyemkosea angali hai, hata kama ni kipofu, hata kama ana ulimi mkali, wewe una bahati ambayo mimi sikuitumia kwa mtu niliyempenda kuliko wote.

Basi usimalizie kurasa nyingine. Iache karatasi hii hapo ulipokaa, vaa viatu, uende.